Sura ya Saba: Kabla ya Kufungua Boneti

Ukikaa Segera asubuhi katika wiki ya kuelekea Krismasi utayaona magari yote yakipita: Noah zilizojazwa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, IST zenye magunia ya mchele juu ya keria, Prado za wenye nafasi, na mabasi yakiyapita yote hayo kwa honi. Watu wanakwenda nyumbani, Rombo, Marangu, Kibosho, Machame, Usangi. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Gari ambalo mwaka mzima limekuwa likitoka Mbezi kwenda Posta na kurudi, likiwa na mtu mmoja ndani, siku hiyo limebeba baba, mama, bibi, watoto wanne, dada wa kazi, mizigo ya wote na zawadi za ukoo mzima. Kiyoyozi kimewashwa tangu Kibaha. Jua la Korogwe limeshapanda. Ndipo taa nyekundu yenye alama ya kipimajoto inapowaka kwenye dashibodi, na ndani ya gari kila mtu ananyamaza.

Sura hii ni ya dakika zinazofuata hapo. Gari kuharibika, kwenyewe, mara chache humwumiza mtu. Watu huumizwa na yale yanayoamuliwa baada ya hapo: mahali walipoegesha, mfuniko uliofunguliwa kwa pupa, lori lililotokea nyuma bila kuona kitu, na mwendo wa usiku wa kufidia saa zilizopotea. Yote hayo yamo mikononi mwa waliomo garini, hata yule asiyejua plagi ni ipi na altaneta ni ipi. Ndiyo maana naanza na watu, boneti ikiwa bado imefungwa.

Uamuzi wa kwanza ni kusimama, na huo ndio mgumu kuliko yote. "Tufike Mombo kwanza, kule kuna mafundi." Maneno hayo husemwa kwa nia njema kabisa. Kuna watoto, kuna jua, na hapo mlipo hakuna hata kivuli. Lakini tazama kinachotokea ndani ya injini wakati mnatafuta Mombo.

Maji ya injini hufanya kazi vizuri yakiwa kwenye digrii 90 hivi. Mfumo wa rejeta umefungwa, na mfuniko wake unazuia mvuke usitoke, kwa hiyo maji hayachemki yakifika 100 kama ya sufuriani. Yanavumilia mpaka karibu 120, na yakichanganywa na kulanti yanavumilia zaidi kidogo. Taa nyekundu ikiwaka, akiba hiyo imeliwa karibu yote. Sasa, sehemu ya juu ya injini, ile wanayoiita silinda hedi, kwa magari mengi ya leo ni ya aluminiamu, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ikizidiwa na joto inapinda. Ikipinda, gasketi iliyo chini yake haibani tena, maji yanapenya kwenye oili, na fundi akichomoa kijiti cha kupimia oili anakuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mpira wa rejeta uliopasuka hutengenezwa kando ya barabara na safari ikaendelea. Hedi iliyopinda ni kufungua injini, kuipeleka ikachongwe, kuagiza gasketi, na familia kutafuta basi katika msimu ambao mabasi yamejaa. Kati ya hasara hizo mbili kuna kilomita chache tu za ukaidi.

Magari mengi madogo kutoka Japani hayana geji ya joto siku hizi. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, katikati hakuna taarifa yoyote. Nyekundu ikiwaka, zima kiyoyozi, fungua vioo, kisha washa hita mpaka mwisho. Abiria watalalamika, hita Korogwe mwezi wa Desemba! Lakini hita ni kama rejeta ndogo ya pili: inavuta joto kutoka kwenye injini na kulimwaga ndani ya gari, na hilo linakupa muda mfupi wa kutafuta pa kuegesha bila kuua injini. Kwa wenye geji, iwapo mshale uliokuwa juu umeanguka ghafla, msishangilie. Huenda maji yamekwisha kabisa na kihisio kinapima mvuke.

Mahali pa kusimama ni pale unapoonekana kutoka mbali na ambapo gari linaweza kutoka lami lote, matairi yote manne. Si baada ya kona, si chini ya kilele cha kilima. Kukiwa na nyumba mbele kidogo, nenda polepole hadi hapo, kwa maana penye nyumba pana kivuli, pana maji, na pana watu wanaomjua fundi. Washa taa za hazadi. Halafu watu washuke kwa mlango ulio mbali na barabara, waende pembeni kabisa. Wasikae nyuma ya gari wala mbele yake, kwa kuwa gari likigongwa husukumwa. Wasibaki ndani kwa sababu kuna mtoto amelala. Mtoto aliyelala hubebwa.

Niliwahi kuona familia imesimama karibu na Hedaru, boneti ikifuka moshi. Baba alikuwa ameshafikia kitasa cha boneti. Mama, akiwa na mtoto mgongoni, alimwita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba watoto, gari halina pa kwenda. Tuhesabu watoto kwanza." Wakahesabu. Akatandika kitenge chini ya mgunga, akagawa maji na mikate, akamkabidhi kijana mkubwa mkono wa mdogo wake wa mwisho na kumwambia hiyo ndiyo kazi yake mpaka safari iendelee. Bibi akapewa kiti cha plastiki kilichokuwa juu ya mizigo. Baada ya hapo ndipo mama akasema, "Haya, sasa lifungue." Sijawahi kuona mafunzo ya usalama barabarani yaliyo bora kuliko yale, na mama yule hakuwa na haja ya mtu kumfundisha.

Pembetatu ya tahadhari ambayo trafiki huiulizia pamoja na mtungi wa zima moto ina kazi halisi, na kazi yake inategemea umbali. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyechoka akichukua sekunde mbili kutambua anachokiona na kukanyaga breki, ameshakula mita 44 kabla lori lake halijaanza hata kupunguza mwendo. Pembetatu iliyowekwa hatua kumi nyuma ya gari haina msaada kwake. Hesabu hatua mia moja, ukitembea pembeni ya barabara ukiwa umezielekea nyuso za magari yanayokuja, na kama mlisimama karibu na kona, iweke kabla ya kona. Madereva wa malori hukata matawi ya miti na kuyapanga lamini, moja moja, kuanzia mbali. Kila msafiri wa nchi hii anajua maana ya tawi bichi barabarani. Kama huna pembetatu, fanya hivyo. Lakini mkiondoka yaondoeni, na mawe mliyokingia matairi yaondoeni pia. Jiwe lililosahaulika lamini humngoja mwendesha bodaboda wa usiku, na yeye hana kosa lolote.

Kuna sehemu mbili ambako kanuni ya kushuka na kwenda pembeni hubadilika. Barabara ya kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na hapo watu hawashuki kwenda kukaa chini ya mti, kwani nyati na tembo hawajali kwamba mmeharibikiwa. Kaeni ndani, taa zikiwaka, msimamishe gari jingine au mpige simu 112. Na kwenye mteremko wa Kitonga, mbele kwenye barabara hiyohiyo, hakuna pembeni ya kutosha popote. Tatizo la Kitonga lazima lizuiwe kabla halijaanza: kushuka kwa gia ndogo tangu juu, ili breki zisichemke katikati ya kona.

Turudi kwenye gari lililochemka. Boneti unaweza kuifungua ili joto litoke, ila mfuniko wa rejeta usiguswe. Maji yaliyo ndani yamepita digrii 100 na kinachoyazuia yasigeuke mvuke ni mfuniko huo tu. Ukiulegeza, shinikizo linaondoka mara moja na maji hayo yanalipuka usoni mwa aliyeinama. Subiri nusu saa angalau, na zaidi ya hapo kama jua ni kali. Kigezo kizuri ni mkono: mpira mkubwa wa juu wa rejeta ukishikika bila kukuunguza na ukabonyea kwa vidole, sasa weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, geuza kidogo, ngoja upumue, ndipo umalizie. Maji yaingizwe polepole. Maji baridi yakimwagwa kwa wingi kwenye injini yenye moto yanaweza kuipasua. Na katika nusu saa hiyo ya kungoja atatokea mtu wa haraka, shemeji au mpita njia, atakayesema yeye amezoea kufungua. Mwambieni hapana. Awe mkubwa wa namna gani, mwambieni hapana.

Jambo jingine linalohusu maji: yaliyobebwa kwa ajili ya watoto kunywa hayaendi kwenye rejeta. Rejeta itakubali maji ya mtoni yaliyochujwa kwa kanga, mtoto hatayakubali.

Asili ya shida hii, mara nyingi, iko Dar es Salaam. Kuna usemi gerejini kwamba thamostati ni ya nchi za baridi, kwa hiyo gari likifika kutoka Japani kifaa hicho kinang'olewa na kutupwa. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ambayo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi daima. Mjini hutaona tofauti. Siku umepakia watu wanane na unakimbiza gari kutoka Segera, sehemu ya maji inazunguka bila kufika kwenye rejeta, na joto linapanda. Usemi wa pili ni kwamba kulanti ni ya barafu na sisi hatuna barafu. Kulanti huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya bomba peke yake, miaka mitatu mfululizo, yanaijaza rejeta matope mekundu mpaka vijia vyake vinaziba. Hivyo wiki mbili kabla ya safari muulize fundi wako mambo hayo mawili kwa kuyataja. Ukisema tu "nicheki gari, nasafiri", atabadilisha oili na kupuliza chujio la hewa.

Ninapofikiria haya huwa namkumbuka Bertha Benz. Mwezi Agosti 1888 mwanamke huyo wa Kijerumani aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akapanda nao gari la magurudumu matatu alilolibuni mumewe Carl, bila kumwambia mume, wakaondoka Mannheim kwenda kumtembelea mama yake Pforzheim, kilomita mia moja na ushei. Hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa gari la petroli. Kwa maneno mengine, safari ndefu ya kwanza ya gari la petroli duniani ilikuwa ya mama na watoto wakienda kwa bibi, na ilijaa matatizo tangu mwanzo. Bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ukachunika, akaufunga kwa mkanda wa soksi yake. Mafuta yalipopungua walinunua petroli nyepesi ya kusafishia kwenye duka la dawa la Wiesloch, kwa kuwa vituo vya mafuta havikuwapo duniani. Mnyororo ulirekebishwa na mhunzi, na breki za mbao zilipokwisha fundi viatu alizigongomea ngozi. Maji ya kupozea yalikuwa yakigeuka mvuke njia nzima, ikabidi wasimame mara kwa mara kuongeza. Vilimani wavulana walishuka wakasukuma. Jioni, walipofika, Bertha akampelekea mumewe telegramu.

Naipenda habari hiyo kwa sababu ya mhunzi na fundi viatu. Hawakuwa wameona gari maishani mwao, lakini walijua chuma na ngozi, na Bertha alijua kuwaeleza anachotaka. Aliporudi alimwambia Carl gari linahitaji gia ya kupandia milima, na likawekewa. Safari iliyoharibika ilizaa gari bora, maana aliyeharibikiwa alikuwa makini kuona nini kimeshindwa na wapi.

Mafundi wetu wa kando ya barabara wana ujuzi wa aina hiyohiyo. Mpira wa rejeta uliopasuka karibu na mwisho wake wataukata, wausogeze mbele na kuukaza upya kwa klipu. Ukipasuka katikati, watauzungushia ukanda wa tyubu ya tairi na kuuvuta mpaka ubane. Halafu fundi atakwambia uende na mfuniko umelegezwa, ili shinikizo lisirarue kiraka. Ushauri huo ni sahihi, mradi ukumbuke kwamba mfuniko ukilegea maji yatachemka kwenye 100. Mwendo uwe mdogo, kiyoyozi kizimwe, na maji yaangaliwe kila mnapopita kijiji.

Msalimu fundi kabla ya kumweleza shida. Akiwa mtu mzima, shikamoo yake ni haki yake hata kama wewe ndiye mwenye gari. Mweleze ulichokiona kwa mpangilio, taa iliwaka saa ngapi, mvuke ulitokea upande gani, mara ya mwisho maji yaliongezwa lini, na umwachie yeye kutaja ugonjwa. Kubalianeni bei ya ufundi na bei ya spea kila moja peke yake, kabla spana haijashikwa. Akimtuma kijana kwa bodaboda kuleta kifaa, mpe kile kibovu aende nacho, kwa sababu magari ya jina moja hutofautiana vifaa mwaka hadi mwaka. Sikubaliani na wanaosema mafundi wa barabarani ni wezi. Wapo wajanja, kama kila mahali, lakini wengi wanakaa palepale mwaka mzima na wanajua utarudi kwa njia ileile mwezi Januari.

Likishindikana kabisa, litavutwa. Hapa kuna hasara ambayo wengi hawaijui mpaka wailipie. Gari la otomatiki likivutwa kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiburuzwa chini, gia boksi inazunguka bila oili kusukumwa, kwa sababu pampu yake hufanya kazi injini ikiwaka tu. Umbali mfupi wa mwendo wa taratibu linaweza kustahimili. Kulivuta kutoka Mkomazi hadi Same ni kununua gia boksi. Afadhali ungoje brekdauni ya kulipandisha juu, au uliache kituo cha polisi au kwenye uwanja wa mwenyeji anayelilinda.

Pancha haihitaji maneno mengi. Legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki, na jeki iwe juu ya ubao kama ardhi ni mchanga. Kaza nati kwa kuvuka upande hadi upande, kisha zirudie baada ya kilomita 50. Kitairi kile chembamba cha spea kimeandikwa ubavuni kilomita 80 kwa saa kwa sababu hakikuumbwa kwa safari. Kitakupeleka kwa fundi pancha wa karibu tu. Kinachostahili muda wako ni kusoma tarehe ya tairi kabla ya kulinunua. Kwenye ubavu, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa mpira mzee uliokauka, na tairi kuukuu lenye upepo pungufu, chini ya gari lililojaa, kwenye lami ya mchana, linajikunja na kupata joto mpaka linapasuka. Kipimo cha upepo kwa gari lililopakia kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fuata hicho.

Mwisho ni saa. Fundi akimaliza saa kumi na moja jioni mkiwa Mombo, kila mtu atataka kuondoka. Nyumbani wanangoja, mbege imeiva, na baba mzee amepiga simu mara kadhaa kuuliza mmefika wapi. Dereva ameshinda juani tangu mchana, mikono yake ina grisi, na moyo wake una hasira aliyoificha kwa ajili ya watoto. Mbele yake kuna giza, malori yasiyo na taa za nyuma, mifugo inayorudi zizini, na kiraka ambacho hakijajaribiwa. Namwomba alale. Nyumba za wageni zipo Mombo, zipo Korogwe, zipo Same, na chumba kimoja chenye neti kinatosha watoto wanne wakilala mzungu wa nne. Mama ndiye apige simu nyumbani, maana akipiga yeye mazungumzo yatakuwa ya watoto wamekula nini, na baba mzee atasema laleni, mje kesho.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko uangalie maji kabla hujawasha. Yakiwa yamepungua kidogo tu, ongeza na uende. Yakiwa yamepungua sana, au ardhi chini ya gari imelowa, rudi kwa fundi yuleyule kabla hajaanza kazi ya mtu mwingine, kwa sababu kutoka hapo hadi Same vijiji viko mbali kimoja na kingine, na ikifika saa nne jua litakuwa lilelile la jana.